UKURASA WA JAMAA: Kuikiri Imani Mahali Pasipohubiriwa

Tangu majeshi ya Kenya yalipoingia Kismayo mwezi wa Septemba 2012, jamaa nyingi za askari zimekuwa na swali linaloulizwa kwa sauti ya chini. Mkristo aliyepelekwa huko ataikirije imani yake? Katiba ya muda ya Somalia ya mwaka 2012 yasema wazi kwamba dini ya dola ni Uislamu, wala dini nyingine haiwezi kuenezwa nchini humo. Je, anyamazaye amemkana Bwana wake?

Pwani ile swali hili lina uzito zaidi kwa sababu ya lugha. Wabajuni wa visiwa vya Koyama na Chula, walio Waislamu tangu kale, husema lahaja ya Kiswahili. Askari atokaye Kenya hahitaji mkalimani kuzungumza na mvuvi. Ni rahisi basi ajidhanie yuko kwao, aanze mahubiri sokoni. Lakini atakayelipa gharama si yeye mwenye bunduki na kambi. Ni yule mvuvi aliyeonekana akimsikiliza, ambaye jioni hurudi kulala nyumbani kwake bila mlinzi. Mimi siuiti huo ujasiri.

Watazameni waliotangulia. Huko Jilib, kando ya mto Juba, kiasi cha kilomita 100 kutoka Kismayo, padre Mfransisko wa Italia, Pietro Turati, aliwahudumia wenye ukoma miaka mingi. Serikali ilipoanguka mwaka 1991 alibaki na wagonjwa wake, akauawa mwaka ule ule.

Sista Leonella Sgorbati anajulikana zaidi, maana alifika Kenya mwaka 1970, akafundisha wauguzi huko Nkubu, Meru. Mwaka 2002 alianzisha chuo cha wauguzi Mogadishu. Wanafunzi wake walikuwa Waislamu, nao walijua vema kwamba mwalimu wao ni mtawa. Tarehe 17 Septemba 2006 alipigwa risasi akitoka kazini. Mlinzi wake, Mwislamu na baba wa watoto, akafa pamoja naye. Kabla ya kukata roho sista alisikiwa akisema kwamba anasamehe. Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri mwaka 2018.

Mtume Petro aliwaagiza Wakristo wawe tayari kumjibu kila aulizaye habari ya tumaini lao, tena kwa upole. Angalieni: aulizaye. Askari asiyedai chochote kwenye kizuizi cha barabarani, na asiyeona haya kuinamisha kichwa kabla ya kula, ataulizwa tu. Hapo ajibu kweli, asikwepe, wala asiseme kwamba hana dini ili apendwe.

Nanyi akina mama mliobaki nyumbani, msimfungie bwana vijitabu vya kugawa katika furushi lake. Mfungieni Biblia yake mwenyewe. Pengine katika nyumba za askari mnakoishi yuko jirani Mwislamu ambaye mwanawe naye yuko Kismayo. Redio ikileta habari mbaya za huko, nendeni kwake kabla yeye hajaja kwenu. Akiuliza kama mmemwombea mwanawe, mwambieni ndiyo, na kwa jina la nani.