Fundi, usifomati kwanza!

Jamani, mpaka lini? Kompyuta ikigoma kuwaka Umoja, Kayole au Buruburu, dawa ya fundi ni ile ile: "Tufomati." Virusi? Fomati. Stima imepotea ghafla na mashine imerudi na skrini ya buluu? Fomati pia. Mteja anarudishiwa mashine safi kama mpya, halafu anaanza kuuliza: hesabu za chama ziko wapi? Mradi wa chuo? Picha za marehemu mama? Anajibiwa, "Pole, hukuniambia unazitaka."

Nasema wazi: kufomati si kutengeneza. Ni kubomoa nyumba kwa sababu kufuli limekwama.

Windows ikikataa kufunguka, mara nyingi kilichoharibika ni faili chache za mfumo. Kazi zako bado ziko kwenye diski. Kumbukeni tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilisambaza sasisho lenye kasoro, na kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 zikaanguka duniani, zikiwemo za mashirika ya ndege na hospitali. Dawa ilikuwa nini? Kwa nyingi, kuiwasha mashine katika hali salama na kufuta faili moja. Moja tu! Hebu fikiria zote zingepitia mikononi mwa fundi wetu.

Fundi atajitetea kwamba mteja anataka bei nafuu na mashine leo hii. Sawa, lakini kunakili faili hakuhitaji maabara:

1. Washa mashine kwa flashi yenye Ubuntu, bila kuisakinisha.
2. Fungua diski ya mteja, nakili faili zake kwenye diski ya nje.
3. Hakikisha zinafunguka. Ndipo usakinishe Windows upya ukitaka.

Diski ikitoa mlio wa kugonga, izime na usiendelee kuilazimisha. Wala usimdanganye mteja kwamba programu za kufufua data zitamwokoa baadaye. Windows mpya ikishaandikwa juu ya faili za zamani, hizo zimekwenda. Kwenye SSD matumaini ni madogo zaidi.

Na wewe mteja, usijifiche nyuma ya fundi. Nakala iliyo kwenye D: si nakala, maana mara nyingi C: na D: ni diski moja iliyogawanywa. Ikifa, zinakufa zote mbili. Kanuni ni 3-2-1: nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 iwe mbali na nyumbani. Yaani laptopu, diski ya nje kabatini, na nyingine mtandaoni, kwa sababu mwizi akiingia atabeba laptopu na hiyo diski pamoja. Kila mwezi jaribu kurejesha faili moja, ujue kama inafunguka kweli. Kama mashine yako inatumia BitLocker, andika ufunguo wa kurejesha uuweke pembeni. Bila huo, hata hiyo Ubuntu haitakusomea diski.

Siku ukipeleka mashine kwa fundi, mwambie aandike kwenye risiti: "Asifomati kabla ya kunakili." Akikataa, chukua mashine yako uende kwa mwingine. Eastlands ina mafundi wengi, lakini hizo picha za mama huwezi kuzinunua popote.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari lenyewe liko ndani ya diski.