Nyama ya kusaga ni ya mtoto kwanza

SUFURIA NA SOKO
Na Hawa Candiru

Ushauri huu unatufikia kwa simu. Kijana aliyehamia Kanada au Marekani anampigia mama yake Koboko, anasikia kwamba presha imempanda, na kabla hawajaagana keshamwambia: mama, achana na nyama ya ng'ombe, kula bata mzinga. Huko aliko ndivyo daktari wake alivyomwambia, na dukani kwao zote mbili zinauzwa zimeshasagwa, zimepangwa kwenye jokofu moja, bei hazipishani sana. Anasema kwa mapenzi. Mama naye anamsikiliza, kwa kuwa mtoto huyo ndiye anayetuma pesa za dawa.

Mimi naupinga ushauri huo kwa watu wa Arua na Koboko, huku kwetu West Nile, Uganda, na naupinga kwa nguvu zaidi pale unapogusa sahani ya mtoto na ya mama mjamzito.

Tuanze na hesabu yenyewe, maana wengi wanaitaja bila kuiona. Nyama ya ng'ombe ya kusaga iliyozoeleka katika maduka ya Marekani huwa na mafuta sehemu 20 katika kila 100. Gramu 100 zake, zikiwa mbichi, zina kalori zipatazo 250, na ndani ya mafuta hayo kuna gramu saba na nusu hivi za yale yanayoganda, ambayo yakizidi hupandisha lehemu mbaya kwenye damu. Bata mzinga wa kusaga anayewekwa kando yake mara nyingi ana mafuta sehemu saba tu, na kalori zake ni kama 150. Tofauti ni kubwa, daktari wa kule hakukosea. Lakini chukua nyama ya ng'ombe iliyopunguzwa mafuta mpaka nayo ibaki na sehemu saba, uipime: inatoa kalori zile zile 150 na ushei. Na bata mzinga akisagwa pamoja na ngozi yake, mafuta yanapanda tena. Kilicholinganishwa muda wote ni nyama ya mafuta mengi na nyama ya mafuta machache.

Sasa mtazame ng'ombe wetu. Ng'ombe wa kule hulishwa nafaka zizini kwa miezi ili anenepe, mafuta yakapenya katikati ya nyama. Ng'ombe wa nundu anayechinjwa hapa ametembea maisha yake yote akitafuta majani na maji, na wakati wa kiangazi unaziona mbavu zake. Nyama yake ni ngumu na kavu. Mafuta yaliyopo yamekaa pembeni, yanaonekana kwa macho, na muuza nyama ukimwomba ayakate atayakata. Mmarekani huongeza pesa ili auziwe nyama ya namna hiyo. Mama wa Koboko anaambiwa aikimbie.

Halafu fuata nyama hiyo mpaka jikoni. Mawese yanavuka kutoka Kongo kwa njia ya Ariwara na kuuzwa sokoni Arua kwa chupa na kwa jerikeni. Hata yale mafuta meupe ya kukaangia, mengi yake yametokana na michikichi. Karibu nusu ya mafuta ya mchikichi ni ya aina ile ile inayoganda, kiwango kisichopishana sana na mafuta ya ng'ombe mwenyewe. Kijiko kimoja cha mezani kina karibu gramu saba za mafuta hayo, takriban sawa na gramu 100 za ile nyama nono ya Marekani. Na nani katika miji yetu anakaanga kwa kijiko kimoja? Sambusa huzama kwenye karai zima. Mtu anayeacha ng'ombe, akanunua bata mzinga kwa bei ya juu, kisha akammiminia mawese vijiko vitatu, amelipa zaidi na moyo wake haujapata nafuu. Mafuta ya alizeti yana sehemu moja hivi katika kumi ya mafuta yanayoganda, ya simsim kama moja katika saba, na simsim inalimwa hapa hapa kwetu. Mabadiliko yaanzie kwenye chupa ya mafuta.

Na kwa mwenye presha kuna jambo linalotangulia hata chupa hiyo, nalo ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu tano kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na ile iliyomo kwenye unga wa mchuzi, kwenye samaki wa chumvi na kwenye mkate. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 uliona kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne Uganda ana presha ya juu, na wengi wao hawakuwa wakijua. Huyo mama wa Koboko angesaidiwa zaidi na binti wa kumpikia bila kutia chumvi mara mbili kuliko na ndege yeyote.

Wapo watakaotaja saratani, na hoja yao ina uzito. Oktoba 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliweka nyama zilizosindikwa, kama soseji na nyama za makopo, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani bila shaka. Nyama nyekundu ya kawaida waliiweka katika kundi la vinavyoelekea kuisababisha. Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani unapendekeza mtu asipite gramu 350 hadi 500 za nyama nyekundu iliyopikwa kwa wiki. Mwanamume anayeshika njia ya mchomo kila jioni, mishikaki mitatu leo, minne kesho, anapaswa kuzisoma namba hizo kwa makini. Lakini ziko nyumba nyingi Terego, Maracha na Koboko ambazo familia nzima haifikishi kiasi hicho, wiki baada ya wiki. Kuwaambia hao wapunguze nyama ya ng'ombe ni kuwapa dawa ya ugonjwa wa jirani.

Ugonjwa wao wenyewe tunaujua. Uchunguzi wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2016 ulipima damu za watoto wa Uganda wenye umri wa miezi 6 hadi 59, na asilimia 53 walikuwa na upungufu wa damu. Miongoni mwa wanawake wa miaka 15 hadi 49, walikuwa asilimia 32. West Nile ni miongoni mwa sehemu za nchi zenye malaria nyingi zaidi, na malaria hula damu. Minyoo nayo inanyonya. Mtoto anatoka wodini ameongezewa damu, anarudi nyumbani kwenye chakula kile kile cha muhogo na mchuzi mwepesi, na baada ya mvua chache yuko wodini tena. Naandika haya kwa uchungu kwa sababu sehemu ya tiba inaning'inia buchani, mita chache kutoka barabara ya hospitali.

Hapo ndipo bata mzinga anapoachwa nyuma. Nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta mengi ina madini ya chuma karibu mara mbili ya bata mzinga wa kusaga, inamshinda kwa zinki, inamshinda kwa vitamini B12. Chuma cha nyama huingia mwilini kwa urahisi kuliko cha majani na maharage. Jambo ambalo akina mama wengi hawajaambiwa ni kwamba nyama kidogo ikichanganywa na mboga husaidia mwili kufyonza hata chuma kilichomo kwenye ile mboga. Kwa hiyo sufuria ya osubi, majani yetu ya kunde, ikitiwa nyama ya kusaga kiasi cha kiganja, yenyewe inakuwa chakula kingine. Kamua ndimu juu yake, au kata nyanya mbichi pembeni, na chai iahirishwe kwa saa moja baadaye, kwa sababu chai huzuia chuma kisiingie.

Na kwa nini nasisitiza ya kusaga? Kwa sababu mtoto wa miezi minane hana magego. Tunampa mchuzi wa nyama tukidhani tumemlisha nyama, wakati chuma kimebaki kwenye vipande vilivyoliwa na wakubwa. Tangu mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate chakula cha asili ya mnyama kila siku: nyama, samaki au yai. Mashine ya kusagia nyama ndiyo inayomfikishia mtoto kile ambacho meno yake hayajaweza. Vijiko viwili vya nyama laini, iliyopikwa mpaka ikaiva kabisa, vikikorogwa kwenye enyasa, ugali wetu, iliyolainishwa kwa mchuzi, humezeka bila taabu. Ini likipatikana, lipondwe vivyo hivyo mara moja kwa wiki. Siku ambazo nyama haipo, kuna mukene, yaani dagaa, wa kusaga.

Tazama tunavyofanya sasa. Nyama ya ng'ombe huliwa zaidi barabarani, jioni, na wanaume wenye pesa mfukoni. Nyumbani ikipikwa, vipande vinapangwa kwa ukubwa kufuata umri na heshima, na mtoto mdogo anafikiwa na mwiko ukiwa umebaki na mchuzi. Mwanamume mzima anahitaji kama miligramu nane za chuma kwa siku. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa anahitaji 18, mjamzito 27. Mgao wetu umepinduliwa juu chini, na wazee wangu wanaonisoma wanisamehe, lakini siwezi kuliita jambo hili mila njema.

Simchukii bata mzinga. Katika vijiji vya West Nile anafugwa uani pamoja na kuku, anajitafutia panzi na mchwa, na dume lililokomaa linauzwa kwa bei inayoshinda kuku kadhaa. Desemba ikikaribia, hufungwa miguu na kupakiwa kwenye mabasi ya Kampala, safari ya kilomita karibu 500, kwenda kwa watu wanaotaka meza ya Krismasi iliyojaa. Mwanamke aliyewalea anajua kazi yake: mayai yanaatamiwa siku 28, vifaranga wanakufa kwa baridi na unyevu, na wakichanganywa na kuku kuna ugonjwa wa ini na matumbo unaobebwa na kuku bila kuwadhuru sana lakini unaowamaliza bata mzinga. Ndege huyo ni ada ya shule. Kumchinja na kumsaga ili kukwepa robo kilo ya nyama ya ng'ombe ni hasara ambayo hakuna mshauri wa ng'ambo anayeihesabu. Ukimchinja kwa sikukuu, basi vizuri: toa ngozi, na mapaja yake yapewe watoto na mama zao, kwa sababu nyama yake nyeusi ina chuma na zinki zaidi kuliko kidari.

Nina hofu moja kuhusu nyama ya kusaga, na ni kubwa. Kusaga kunaficha. Kipande kizima unakiona rangi, unakinusa, unauona muhuri wa mkaguzi. Kikishasagwa, huwezi kujua kilikuwa cha lini wala cha mnyama gani. Mwanzoni mwa 2018 Wizara ya Afya ilithibitisha kimeta kwa binadamu katika wilaya ya Arua, baada ya ng'ombe kufa. Ugonjwa huo humfikia mtu kwa kumchuna mnyama aliyekufa nao, kumkata na kumla, na mzoga huuzwa kwa bei ya kutupwa. Kwa hiyo usinunue iliyokwisha kusagwa. Chagua kipande chenye muhuri, mashine ioshwe mbele yako, kipande kisagwe ukiwa umesimama pale, na kifike jikoni siku hiyo hiyo. Vijidudu vilivyokuwa juu ya nyama, mashine huvisukuma mpaka ndani, ndiyo maana nyama ya ng'ombe ya kusaga inatakiwa ifikie nyuzi 71 katikati na ya ndege 74. Kwa jiko la mkaa, maana yake ichemke kwenye mchuzi mpaka pasibaki chembe ya wekundu.

Ninalolitaka kwa Jiji la Arua na Manispaa ya Koboko ni dogo. Bucha yenye mashine ya kusagia ikaguliwe mashine hiyo pamoja na nyama, na iwe na maji ya moto ya kuioshea. Na wenye bucha wakubali kusaga robo kilo. Wengi hukataa, wanasema kiasi hicho kinabaki chote ndani ya mashine, na mama anarudi nyumbani na mfupa wa supu. Atakayeanza kusaga robo kilo bila kununa, kila asubuhi, karibu na lango la kliniki ya watoto, nitakuwa mteja wake, na nitawapeleka kwake wengine.