Jezi Isiyo na Jina la Kamari



Ukumbi huu si wa michezo, na huenda baadhi ya kina mama wakastaajabu kuona leo tumewaletea mcheza mpira. Tumemchagua Frédéric Kanouté, mshambuliaji wa zamani wa timu ya taifa ya Mali, kwa kuwa maisha yake yanagusa suala ambalo kila mzazi mwenye kijana nyumbani hujiuliza: je, yawezekana mtu akaingia katika dunia ya mpira, ikampa jina na fedha, na bado dini yake ikabaki salama?

Kanouté alizaliwa Septemba 1977 karibu na mji wa Lyon, Ufaransa, baba akiwa mtu wa Mali na mama Mfaransa. Alianza katika klabu ya Lyon, akenda Uingereza kuzichezea West Ham na Tottenham, kisha mwaka 2005 akajiunga na Sevilla ya Uhispania alikodumu miaka saba. Ufaransa ilikwisha kumchezesha katika timu yake ya vijana, lakini kanuni za kimataifa ziliporuhusu wachezaji wa hali yake kubadili taifa, alichagua nchi ya babake. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika la 2004 nchini Tunisia, alifunga mabao manne na Mali ikafika nusu fainali. Mcheza kwao hutuzwa: alitawazwa Mchezaji Bora wa Afrika wa mwaka 2007, wa kwanza kuipata heshima hiyo akiwa amezaliwa nje ya bara hili.

Akiwa na Sevilla alishinda Kombe la UEFA mara mbili mfululizo, 2006 na 2007, na alifunga bao katika fainali zote mbili. Haya watoto wetu wanayajua, au watayajua. Yafuatayo ndiyo tungependa wayasikie kutoka kwa wazazi wao.

Katika msimu wa 2006/07, kifua cha jezi ya Sevilla kilibeba jina la kampuni ya kamari ya mtandaoni. Kanouté, aliyekuwa akijulikana kwa kufunga Ramadhani hata mechi zikiendelea, hakuridhika kuwa bango la jambo ambalo Qur'ani, katika Suratul Maida, imelitaja pamoja na ulevi kuwa ni uchafu katika kazi za shetani. Alilifunika jina hilo, akaonekana uwanjani na jezi isiyokuwa na tangazo. Baadaye alikubali kuivaa jezi ya wenzake baada ya kuelewana na klabu. Wapo watakaosema angeshikilia msimamo hadi mwisho. Sisi twaona kuwa yeye alikuwa mwajiriwa mwenye mkataba, na alichoweza kukifanya alikifanya mbele ya macho ya dunia: aliwaambia waajiri wake kuwa hili kwangu ni haramu. Ni wangapi kati yetu huthubutu kutamka hivyo kazini?

Mwaka 2007 ulileta mtihani wa namna nyingine. Sevilla ndiyo Ishbiliya ya mababu zetu katika Uislamu, mji uliokuwa chini ya Waislamu kwa zaidi ya miaka 500 hadi ulipotekwa mwaka 1248. Mnara wake mashuhuri, Giralda, ulijengwa kuwa mnara wa msikiti, na leo ni mnara wa kengele wa kanisa kuu. Katika mji huohuo, Waislamu wa zama zetu walikuwa wakiswali katika jengo la kupanga, na mkataba wao ulipofikia ukomo walikuwa karibu kulikosa. Kanouté alilinunua kwa zaidi ya yuro 500,000, kiasi ambacho magazeti yalikikadiria kuwa karibu na mshahara wake wa mwaka mzima. Mwaka 2019, akiwa amekwisha kustaafu, aliongoza mchango wa kuupatia mji huo msikiti wa kujengwa.

Januari 2009, vita vilipokuwa vikiitesa Gaza, alifunga bao dhidi ya Deportivo La Coruña, akainua jezi yake. Ndani yake palikuwa na fulana iliyoandikwa jina la Palestina kwa lugha mbalimbali. Refa alimpa kadi ya manjano, na wakuu wa mpira wakamtoza faini. Na huko Mali, karibu na Bamako, taasisi yake ilianzisha kijiji cha watoto mayatima na wasiojiweza kiitwacho Sakina, yaani utulivu wa moyo.

Tumesimulia haya kwa sababu kamari sasa imo mikononi mwa watoto wetu. Zamani mcheza kamari alijificha kichochoroni. Leo kijana hubeti kwa simu akiwa ameketi barazani kando ya mamake, na nauli, karo au mtaji wa biashara ndogo hupotea kimya kimya. Mara nyingi mlango wa mwanzo ni mapenzi ya mpira. Huko Uingereza, jezi za watoto haziuzwi zikiwa na majina ya kamari, na mwaka 2023 vilabu vya Ligi Kuu vilikubaliana kuyaondoa kifuani kwa jezi za wachezaji wao ifikapo mwisho wa msimu wa 2025/26. Haifai sisi Waislamu tuwe wa mwisho kulitazama jambo hili.

Basi Idi ikikaribia na kijana akaomba jezi, tusimkatalie kwa ukali, wala tusinunue kwa kufumba macho. Tumwambie asome naye lililoandikwa kifuani, tumweleze ni kampuni gani na yapata wapi fedha zake, kisha tumsimulie habari ya Kanouté. Kijana husikia zaidi mfano wa mtu anayemhusudu kuliko makemeo ya kila siku. Na tuwaulize pia, kwa upole, kuhusu simu zao, kabla deni halijatuuliza sisi.

Twamuomba Allah (S.W.T.) aziepushe nyumba zetu na chumo la haramu, na awajaalie watoto wetu riziki ya halali, iwe ya uwanjani, dukani au ofisini. Amin.