Viti Vitupu Havidai Mshahara



Ada inakatwa kila mwezi, lakini mkutano wa tawi ukiitishwa viti vinabaki vitupu. Viongozi huwalaumu wanachama kuwa ni wavivu. Wanachama nao huwalaumu viongozi kuwa ni wasemaji tu. Maoni yangu ni kwamba lawama hazijazi ukumbi. Mtu huenda mahali anapojua kuwa neno lake litasikilizwa na kupimwa.

Tukumbuke Mombasa, bandari ambayo hata leo hupitisha shehena inayokuja Kigali. Januari 1947 wafanyakazi wa bandari, reli, hoteli na majumbani waligoma kwa karibu siku 12. Maelfu walikusanyika kila siku katika uwanja walioupa jina Kiwanja cha Maskini. Walikwenda kwa sababu huko ndiko habari za mgomo zilikotolewa na shauri lilikokatwa. Baadaye serikali ya kikoloni ililazimika kuunda baraza la kuchunguza mishahara, na mishahara ikapanda.

Sisi huku Rwanda haki tunazo katika karatasi. CESTRAR iliundwa mwaka 1985, na mwaka 1988 nchi iliridhia mikataba namba 87 na 98 ya Shirika la Kazi Duniani, inayolinda uhuru wa kuunda vyama na kujadiliana na waajiri. Hata hivyo, kima cha chini cha faranga 100 kwa siku, kilichowekwa mwaka 1980, kilikuwa hakijabadilishwa miaka 40 baadaye. Katibu anapokwenda mbele ya mwajiri kudai mkataba wa hali bora, mwajiri hupima kwanza jambo moja: huyu ana watu wangapi nyuma yake?

Basi tufanye nini? Natoa mapendekezo manne.

Kwanza, mkutano uwe na siku yake isiyobadilika. Kila mtu nchini anajua kuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni ya umuganda, kuanzia saa 2 asubuhi. Umuganda una sheria nyuma yake. Chama hakina askari wa kuwaleta watu. Kitawapata kwa mazoea na kwa manufaa.

Pili, mkutano ufuate zamu. Aliyekesha kiwandani Masoro asiitwe saa 4 asubuhi, wakati wa usingizi wake. Mchuma chai anayelipwa kwa kilo asiitwe kabla ya kupima majani, maana saa moja ya mkutano ni kilo zilizobaki shambani. Mama mwenye mtoto mgongoni apewe nafasi ya kusema mwanzoni, arudi nyumbani kabla ya giza.

Tatu, ajenda isizidi mambo matatu. La kwanza liwe taarifa ya tuliyoazimia mkutano uliopita: limefanyika, au limekwama wapi? Mahesabu ya ada yasomwe waziwazi, na maswali yajibiwe.

Nne, tangazo la ukutani halitoshi. Kila idara na kila kikosi cha wachumaji kiwe na mjumbe wa kuwaita wenzake kwa mdomo, na kuwapelekea habari wasioweza kufika.

Wako wanaosema tugawe soda. Aliye mbali kusaidiwa nauli ni haki. Lakini aliyekuja kwa ajili ya soda ataondoka chupa ikiisha.

Nawe mwanachama, usijifiche nyuma ya makosa ya viongozi. Kulipa ada bila kuhudhuria ni kununua jembe na kulitundika ukutani. Ukiona mkutano hauna maana, njoo uuseme hapo hapo mkutanoni. Kiongozi mbaya hupenda ukumbi mtupu kama mwajiri mbaya anavyoupenda, kwa kuwa hakuna wa kumwuliza.

Chama si ofisi wala mhuri. Chama ni wanachama waliokutana.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu!