Nani Ataifikisha Filamu Zagayu?

Hakuna semina ya vijana na ajira siku hizi inayokwisha bila mtu kunyanyua simu juu na kutangaza kwamba hiyo ndiyo studio. Kwamba zama za msambazaji zimepita. Kwamba kijana wa Zagayu, kule Itilima mkoani Simiyu, anaweza kurekodi filamu asubuhi, akaihariri mchana kwa simu hiyohiyo, jioni akaipakia YouTube, na kabla ya kulala dunia nzima ikawa ukumbi wake. Washiriki hupiga makofi, hupewa cheti na soda, wakarudi makwao. Baada ya miezi kadhaa chaneli ina video chache, na watazamaji wake ni binamu, marafiki wa binamu, na mwenye chaneli mwenyewe anayeifungua kila saa kuona kama namba imesogea. Hapo ataambiwa hakujituma. Hakuna atakayemwambia kwamba alidanganywa.

Nusu ya kwanza ya kauli hiyo siigombi. Ni kweli simu inarekodi vizuri kuliko kamera nyingi zilizoijenga Bongo Movie tangu siku za Girlfriend ya mwaka 2003, na programu za kuhariri zinapatikana bure. Ugomvi wangu uko kwenye nusu ya pili, ile inayodai kwamba mtandao umemfuta msambazaji. Filamu haijasambazwa mpaka mtu fulani amebeba gharama na usumbufu wa kuifikisha kwa mtazamaji. Hilo lilikuwa kweli zama za mkanda wa VHS, likawa kweli zama za DVD, na leo ni kweli vilevile. Kupakia si kusambaza. Ukishapakia, kazi ya kusambaza ndiyo kwanza inaanza, na mara nyingi hakuna aliyepangiwa kuifanya.

Tuitazame Zagayu yenyewe badala ya ile dunia ya semina. Kupakia ni bure, tunaambiwa. Bure kwa nani? Filamu ya saa moja na nusu, hata ikitazamwa kwa picha hafifu, inakula mamia ya megabaiti, na mkulima aliyenunua bando la siku ili aongee na mwanawe aliye Mwanza hatalimaliza kwa kumtazama kijana asiyemjua. Kwa hiyo tiketi ipo, tena ni ghali, ila anayeikata ni kampuni ya simu na mwenye filamu haambulii kitu. Ndiyo maana vijijini watu wengi hawatazami kwa kutiririsha. Wanakwenda kwa yule kijana mwenye kompyuta pale senta, mwenye spika mlangoni na nyaya za kuchajia simu zimetapakaa mezani, wanampa memori kadi, anawajazia nyimbo na muvi. Huyo amelipia bando mara moja na anauza kwa kijiji kizima. Kila mtu anamwita mwizi, na kwa sheria ya hakimiliki ni mwizi kweli. Lakini katika mlolongo mzima ndiye mtu pekee anayefanya kazi ya usambazaji, na semina hazijawahi kumwalika.

Halafu kuna hesabu ambayo wahamasishaji huipita haraka. Ili YouTube imgawie mwenye chaneli mapato ya matangazo, inataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Chukua hizo saa 4,000. Maana yake filamu ya saa moja na nusu itazamwe mwanzo hadi mwisho na watu wapatao 2,700, kila mmoja kwa bando lake, ndipo mwenyewe aruhusiwe kuanza kuhesabu senti. Akishafika hapo, katika matangazo ya video ndefu anachukua asilimia 55 na kampuni inabaki na 45. Wasambazaji wa Kariakoo walilaaniwa sana, na mengine waliyastahili, kwa kununua filamu na haki zake zote kwa malipo ya mara moja wakati msanii hana pa kwenda. Hata hivyo dalali wa Kariakoo alichapa makava, akagharamia mabango, akapakia makasha kwenye basi la mikoani, na huko alikuwa na wakala aliyejua duka gani linauza. Kampuni ya usambazaji ya Steps Entertainment ilipokuwa inatawala soko, jina la mwigizaji Steven Kanumba lilifika mpaka mahali ambapo umeme haukuwa umefika. Huyu dalali mpya anachukua karibu nusu na hajagonga mlango wa mtu hata mmoja.

Tasnia yenyewe ilivyolishughulikia jambo hili inakatisha tamaa. Mwaka 2013 zikaja stempu za kodi kwenye DVD na CD, tukaambiwa sasa wizi umekwisha. Mwaka 2017 wasanii wakaandamana Kariakoo kuzipinga filamu za nje zilizouzwa bila stempu. Kila mara adui alikuwa anayenakili, na swali la mnunuzi wa Maswa au Meatu atazipata wapi filamu zetu halikuulizwa. Filamu za Kihindi, Kichina na Kinaijeria zilimfikia mnunuzi huyo kwa sababu kulikuwa na watu waliozitembeza. Zetu zilibaki zikisubiri serikali.

Mfano unaopendwa kuliko yote na mashabiki wa simu-ndiyo-studio ni Wakaliwood ya Kampala. Nabwana Isaac Godfrey, wanasema, alitengeneza Who Killed Captain Alex? kwa fedha isiyofika dola 200, akaweka trela YouTube mwaka 2010, dunia ikapagawa. Yote ni kweli, na yote yamesimuliwa kuanzia katikati. Kabla dunia haijapagawa, Nabwana alikuwa na soko mtaani kwake, Wakaliga. Waigizaji wake walizunguka nyumba kwa nyumba wakiwa wamevaa mavazi ya filamuni, mikononi wamebeba DVD, wakikimbizana kuziuza kabla wanaonakili hawajaamka. Majirani ndio waliokuwa waigizaji, ndio waliokuwa mafundi wa bunduki za mabati, na ndio waliokuwa wateja. Tena faili asilia la filamu hiyo lilifutwa kwenye kompyuta ili ipatikane nafasi ya kazi nyingine, na nakala iliyosalia ni ya DVD yenye sauti ya VJ Emmie akichekesha na kusherehesha mwanzo hadi mwisho. Kwa maneno mengine, hata hiyo filamu wanayoitolea mfano wa mtandao ipo leo kwa sababu kulikuwa na diski mikononi mwa watu. Mwaka 2015 walipoomba dola 160 kwa mchango wa mtandaoni wakapata zaidi ya 13,000, walikuwa na miaka kumi ya kazi hiyo nyuma yao. Mtandao ulikuta hadhira imeshajengwa.

Hapo ndipo mwenye imani hunyanyua mkono na kuuliza: mbona fulani alipakia klipu moja tu, akalala maskini akaamka na gari? Hii ndiyo hoja ya mbeba mkeka wa kubeti. Yeye naye hukusimulia kwa jina na tarehe juu ya aliyetia mia tano akachota mamilioni, na hana hata neno moja juu ya waliochaniwa. Ukiwachunguza wanaofanya vizuri mtandaoni hapa kwetu, wengi walifika huko wakiwa na watu wao. Mchekeshaji Joti alijulikana nchi nzima kwa runinga, tangu Ze Comedy ya EATV hadi Orijino Komedi ya TBC, kabla watu hawajaanza kumtafuta kwenye simu. Televisheni ilikuwa imeshamsambaza. Kumwambia kijana asiyejulikana hata kata ya pili kwamba afuate njia ya Joti kwa kuanzia pale Joti alipofikia ni kumtania.

Kinachokera zaidi ni kwamba elimu hii ya kujenga hadhira inapelekwa Simiyu kama kitu kigeni kutoka California, wakati Wasukuma wana chuo chake cha zamani. Katika ngoma za mashindano, vyama vya Wagika na Wagalu havichezi kwa zamu mbele ya majaji waliokaa kwenye viti. Vikundi viwili vinaingia uwanjani kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na watu wako huru kuhama. Manju akipoa, unaona umati unaanza kumegeka pembeni, kwanza watoto, kisha akina mama, kisha wazee wanajifanya wanajinyoosha miguu. Mshindi ni mwenye watu wengi. Ndiyo maana vikundi hivyo vilibuni kila hila: nyoka hai shingoni, nungunungu, sanamu za mbao zinazochomoza ghafla, majembe yanayorushwa juu na kudakwa katika bugobogobo, nyimbo za kumchamba mpinzani zilizotungwa wiki hiyohiyo kutokana na kisa ambacho kila mtu pale anakijua. Dawa ya kuvuta watu nayo haikukosekana, na wasomi waicheke wakitaka, lakini inaonyesha jinsi jambo hilo lilivyochukuliwa kwa uzito. Manju hakuwahi kufikiri kwamba kazi nzuri inajiita watu yenyewe. Alijua atashindania kila jicho, mbele ya mpinzani, juani. Na tena alijua wakati: mashindano ni baada ya mavuno, watu wanapokuwa na nafasi na kitu mfukoni.

Suala la wakati linastahili kusisitizwa, kwa sababu hakuna mtambo wa kupendekeza video unaolijua. Simiyu ni mkoa wa pamba. Mwezi wa Januari, palizi imeshika na ghala ni tupu, usimuuzie mtu filamu. Pamba ikishapimwa kwenye chama cha msingi na fedha zikaingia, minada inafurika, vinauzwa redio, baiskeli, nguo na ng'ombe, na hapo mtu yuko tayari kulipia burudani. Msambazaji mwenye akili angeipanga filamu yake kwa kalenda hiyo. Mtengenezaji wetu anaipakia siku aliyomaliza kuihariri.

Na kwa lugha gani? Marehemu Derek Mukandala, aliyeitwa Lufufu, alijipatia jina kubwa kwa kuzisimulia filamu za nje kwa Kiswahili katika vibanda vya video, na baadaye kwenye kanda, kwa sababu alielewa kwamba picha peke yake haimfikishi mtu. Hata wakoloni waliliona hilo: mradi wao wa sinema ya elimu uliowekwa Vugiri, Usambara, kati ya 1935 na 1937 ulizungusha filamu vijijini kwa lori, na maelezo yaliwekwa kwenye sahani za santuri ili lugha ibadilishwe kulingana na mahali. Ujumbe wao ulikuwa wa kudharau watu, lakini lori walikuwa nalo. Sisi tuna ujumbe wa kutosha na lori hatuna. Aliye Zagayu anayetaka filamu ya Kisukuma ataambulia nyimbo za asili, ambazo waimbaji wake, bila semina yoyote, wamekwishazoea kuishi kwa harusi na mikutano ya vijijini, na video zao zinazunguka kwenye memori kadi kama tangazo la mwaliko unaofuata.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya kauli mbiu. Ilipotunga kanuni za maudhui mtandaoni mwaka 2018 ilimtaka mwenye blogu au televisheni ya mtandaoni alipe leseni ambayo kwa jumla ilizidi shilingi milioni mbili, halafu maofisa walewale wakapanda jukwaani kuwahimiza vijana wajiajiri mtandaoni. Masharti yalikuja kulegezwa. Lakini Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 bado inataka vibali, na anayefikiria kuonyesha filamu yake kijijini kwa projekta anatazamwa kama mleta fujo kabla hajatazamwa kama mfanyabiashara.

Inabaki hofu ya wizi, na hii ni hoja ya maana kuliko ile ya mkeka. Ukimpa kijana wa senta filamu yako, ataimwaga. Ni kweli. Ataimwaga hata usipompa. Kenneth Nnebue wa Nigeria, aliyetoa Living in Bondage mwaka 1992, alikuwa mfanyabiashara wa kanda za video, na filamu za Nollywood zilipita katika masoko na kwa mikono ileile iliyokuwa ikiuza kanda za magendo, kwa sababu hapo ndipo wateja walipokuwa. Mpe kijana wa senta filamu wiki mbili kabla ya wengine, mwachie fungu linaloeleweka, weka namba yako ya kupokelea fedha na tarehe ya onyesho lijalo mwanzoni mwa faili, ili hata nakala ya wizi ikutangaze. Kisha itembeze: projekta, jenereta, shuka jeupe, kiingilio kidogo, mnada kwa mnada, kutoka Lagangabilili hadi Zagayu. YouTube iachiwe kazi inayoiweza, ya kuwapelekea trela watoto wa Itilima walioko Dar es Salaam na Mwanza.

Mtaji huo hauko mbali kama inavyodhaniwa. Wapiga video za harusi wa Bariadi wana kamera, wana jenereta, wana spika, na wamezoea kumaliza mambo na mwenyekiti wa kijiji kabla jua halijazama. Anayetaka filamu yake ionekane msimu huu wa pamba aanze kuwapigia wao simu, na mpaka bei ya kukodi projekta iwe imeeleweka, asimalize hata kuhariri.