Betri Iliyosingiziwa

Mwezi huu twaomba ruhusa ya kuleta jambo lisilozoeleka katika ukurasa huu, nalo ni motokaa kuukuu na betri yake. Tunalo kosa la kukiri, na kosa lenyewe halielezeki mpaka kwanza boneti ifunguliwe.

Nyumbani kwetu iko Morris Minor ya mwaka 1962, tuliyoirithi kwa mzee wetu. Ndiyo iwapelekayo watoto chuoni na mama yao sokoni. Ilipoanza kukataa kuwaka asubuhi, tuliitupa betri iliyokuwamo tukanunua mpya. Baada ya siku 5 hiyo nayo ikafa. Hapo tulimwendea mwenye duka, tukamwambia mbele ya wateja wake kwamba ametuuzia kitu kibovu. Na jioni tukayarudia maneno hayo barazani.

Kijana wetu mmoja, mwanafunzi wa ufundi, ndiye aliyetuuliza, "Baba, mmeipima?" Hatukuwa tumeipima.

Aliitia chaji, kisha akaiacha peke yake bila ya kufungwa waya yoyote hata siku ya pili. Mita ilionyesha volti 12.6, na hicho ndicho kipimo cha betri nzima iliyoshiba ikatulia. Akairudisha mahali pake kwa hadhari, kwani katika Morris hizo za zamani upande wa chanya ndio ufungwao kwenye bodi, kinyume cha motokaa za leo. Injini ilipowashwa ikatiwa mwendo, mita ilipaswa kupanda mpaka kama 14. Haikupanda, ilizidi kushuka. Betri ilikuwa ikitoa wala haipewi.

Aliubonyeza mkanda wa feni, ambao ndio uizungushao dinamo. Ulinepa kama nusu inchi tu, nao ni sawa. Akazichomoa waya mbili za dinamo, ile nene ya D na ile nyembamba ya F, akaziunganisha ncha zake za D na F kwa kipande cha waya, akaweka mita baina ya hapo na bodi, na injini akaiongeza mwendo pole pole. Dinamo nzima hapo hupanda upesi hata ikafika volti 20, na mtu asiikimbize zaidi ya hapo asije akaiunguza. Lau ingalipanda, tungalitafuta kosa katika waya au katika kile kisanduku kinachoutawala umeme. Yetu haikutoa hata volti moja. Ilipofunguliwa kwa nyuma, brashi moja ya kaboni ilionekana imelika, tena imekwama kwa uchafu, haiigusi shaba inayozunguka. Brashi mbili mpya bei yake ni ndogo mno mbele ya bei ya betri.

Mtauliza, je, ile taa nyekundu haikuwaonya? Kazi ya taa hiyo ndiyo hiyo, kuwaka dinamo inaposhindwa. Ya kwetu globu yake iliungua zamani, nasi tuliona ni raha kutokuwa na kitu cha kutusumbua macho.

Na tukiwa hapo, tuseme pia kwamba dinamo hata ikiwa nzima haitoi umeme wa maana injini inaponguruma taratibu. Mwenye kuzunguka mjini usiku, taa zote zikiwaka, akisimama kila njia panda, asistaajabu akiikuta betri yake imedhoofika kulipokucha.

Suratul Hujurat hukataza dhana mbaya na kusengenyana katika aya moja. Aya hiyo tumewasomea watoto wetu mara nyingi, nao walikuwapo wakitusikia tulipokuwa tukimtaja yule mtu barazani. Basi tulikwenda dukani saa ya wateja wengi, maana maneno yetu ya kwanza tuliyasema mbele za watu, kisha tukapita barazani tukasema vivyo hivyo. Kuifungua dinamo kulikuwa kwepesi zaidi.

Mwenye duka alitusamehe, Mwenyezi Mungu amlipe kheri. Alituagizia kahawa, tukaketi, na kwa upole akatuuliza kama ile betri ya kwanza, tuliyoitupa, tulikuwa tumeipima.