Anayemfundisha Mtoto Kusema



Mtoto akichelewa kusema, kila mtu ana dawa yake. Bibi atasema akatwe uzi wa chini ya ulimi. Jirani atasema subiri, hata baba yake alichelewa. Mwenye kigugumizi huchekwa mpaka aache kabisa kujibu swali darasani. Mwezi huu nawaletea habari za vijana wa Marekani wanaosomea kazi ya kuwasaidia watoto hao shuleni, kwa maana baadhi ya watoto hao ni wetu.

Huko, sheria ya mwaka 1975 iliwapa watoto wenye ulemavu haki ya kusoma bure katika shule za serikali na kupewa msaada wanaouhitaji ili wasome. Ndiyo sababu mtaalamu wa matamshi na lugha huonekana shuleni, si hospitalini peke yake.

Kazi yenyewe haiingiwi kirahisi. Mwanafunzi humaliza shahada ya kwanza, kisha husoma ya pili kwa miaka kama miwili. Hujifunza koo, ulimi, sikio na ubongo, na jinsi mtoto anavyopata lugha. Ili apate cheti cha chama chao cha taifa lazima atimize saa 400 za mazoezi: 25 za kutazama wengine wakifanya kazi, na 375 za kuwahudumia watu yeye mwenyewe chini ya msimamizi. Kuna na mtihani, halafu miezi karibu tisa ya kazi chini ya uangalizi. Yote haya kwa ajili ya anayesema "thukari" badala ya "sukari"? La, kithembe ni sehemu ndogo tu. Yuko asiyeweza kupanga maneno yakawa sentensi. Yuko asiyefuata maagizo ya mwalimu kwa kuwa hayaelewi, akaitwa mtundu.

Sasa lile linalotuhusu. Familia nyingi zisemazo Kiswahili, hasa za wakimbizi kutoka Kongo, zimehamia Marekani. Mtoto aliyezoea maneno yanayoishia kwa irabu, akiambiwa aseme "desk", hutamka "deski". Je, huyo ana ugonjwa? Hata kidogo! Anasema Kiingereza kwa ulimi wa Kiswahili. Mwanafunzi wa kazi hii hufundishwa kutambua tofauti hiyo. Akikosea, mtoto mzima atatolewa darasani kila wiki atibiwe shida asiyo nayo. Akikosea upande wa pili, mwenye shida kweli ataambiwa "Kiingereza kitamjia tu", na miaka ipite. Sheria inataka mtoto apimwe kwa lugha yake inapowezekana, lakini vipimo vya Kiswahili ni haba. Hapo shahada mbili hazitoshi, anahitajika mama.

Kwa hiyo dada uliye huko, ukiitwa shuleni usiende kukaa kimya. Hawaruhusiwi kumpima mara ya kwanza bila idhini yako ya maandishi, nawe una haki ya kuwekewa mkalimani mkutanoni. Waeleze alianza kusema lini. Ukimtuma kitu jikoni, anaelewa? Bibi yake akiongea naye kwa simu, anamwelewa? Kama Kiswahili chake ni safi, yaelekea shida ni ugeni wa Kiingereza. Kama hata Kiswahili kinamshinda, msaada usicheleweshwe. Na akitokea wa kukushauri uache Kiswahili nyumbani ili mtoto asichanganyikiwe, mkatalie kwa upole. Lugha mbili hazileti kigugumizi wala ububu.

Nasi tulio huku je? Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kufundisha shahada ya kazi hii mwaka 2008, ila wataalamu wangali wachache sana. Usikae tu kumngojea. Mpeleke mtoto hospitali apimwe masikio kwanza, maana wako wanaodhaniwa wazito wa kusema kumbe hawasikii vizuri.